Damu Yangu Isitumike

Sehemu ya sita

Kuna dada mmoja ameniandikia kupitia gazeti hili akiniita mpumbavu. Asante, dada, hujanionea. Ila ulikuwa umesoma mpaka sehemu ya tano tu, na upumbavu wangu ulikuwa bado haujakomaa. Soma na wa leo, halafu unitafutie neno jingine.

Kwa wewe ambaye ndiyo kwanza unanikuta hapa, nitakupa kwa ufupi. Mimi ni mkata sponji katika kiwanda cha magodoro. Nina mke, nina watoto wawili. Nilitumwa na lori kupeleka magodoro ya bweni la chuo kimoja, safari ya siku moja. Lori likaharibika, siku moja ikawa mbili, na hiyo ya pili nikaimalizia chumbani kwa mtunza stoo wa chuo kile. Mama mcheshi, mpole, mjane. Hatukutumia kinga. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote.

Siku ya tano tangu nirudi, utingo wa lori lile akanifuata kwenye mashine yangu, kijiti cha meno mdomoni.

"Yule mama wa stoo uliyekuwa unacheka naye sana," akasema, "unajua mumewe alikufa na nini? Alikanyaga waya."

Ndivyo wanavyosema watu wasiotaka kuutaja UKIMWI kwa jina lake. Utingo akaondoka akicheka, mimi nikabaki nimeshika kisu cha sponji. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Sasa niwaambie jambo nililowaficha. Kati ya siku niliyorudi na siku utingo aliponiambia maneno yale, nilikuwa nimeshakutana na mke wangu. Mara mbili.

Kuanzia hapo sikuwa mtu tena. Asubuhi kabla ya zamu nilijifungia chooni kiwandani na kioo kidogo cha kunyolea, natoa ulimi, nautazama. Nikiona kidoti, ndiyo yenyewe. Nisipoona kitu, basi imejificha. Shingo ilinivimba, au nilidhani imevimba, maana niliipapasa mara hamsini kwa siku. Nikikohoa kwa vumbi la sponji, kikohozi changu cha miaka yote, moyo unaniambia, haya, imeanza.

Yule mama wa stoo nikamfungia simu asinipate. Angeweza kuniambia ukweli kwa dakika moja, na huo ukweli ndio niliokuwa naukimbia.

Mtasema, si ungekwenda kupima? Nilikwenda. Zahanati ya kwetu chumba cha kupimia ni namba nne, na mbele ya namba nne ndipo lilipo benchi la kina mama wanaoleta watoto kupimwa uzito. Nusu yao ni marafiki wa mke wangu. Mmoja akaniona nimeduwaa kwenye korido.

"Shemeji, umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kuulizia dawa ya mafua."

"Pole. Mafua ni dirisha la kule nje."

Nikashukuru, nikageuza. Nikatoka pale na mafua ya uongo na hofu ya kweli. Njiani ndipo akili ikanijia, na akili hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kiwandani hawaniiti kwa jina langu. Wananiita Tangi. Kila baada ya miezi michache watu wa benki ya damu huja na vitanda vyao vya kukunja, wakavipanga katika ghala la magodoro yaliyokamilika, na wafanyakazi tukachangia. Mimi nilikuwa nimechangia mara kumi na tisa. Picha yangu imebandikwa ukutani pale tunapogonga kadi za kuingia, nimekunja mkono wa shati, nacheka kama mgombea. Kundi langu ni O hasi, kundi la kutafutwa kwa tochi. Mke wangu naye ni O hasi.

Na kwa taarifa yenu, mimi na mke wangu tulikutana kitandani. Yeye ndiye anayependa kulisema hivyo mbele za watu, wakacheka, halafu ndiyo anaeleza kuwa ni vitanda vya kuchangia damu. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa mshonaji wa kava pale pale kiwandani. Ilikuwa mara yetu ya kwanza sote wawili. Sista mmoja, vitanda viwili, na kila mtu anaiogopa sindano. Akanigeukia, simjui hanijui, akaniuliza, "Nani aanze? Mimi, au wewe?"

Nikajifanya mwanaume, nikasema mimi. Ndiyo maana kadi yangu ya uchangiaji ni namba 0417 na yake ni 0418. Siku hizi anashonea nyumbani, lakini siku ya damu lazima aje, na lazima alale kitanda cha jirani na changu. Wengine wana keki na mishumaa, sisi tuna hiyo.

Sasa, kila mchangiaji anajua kitu kimoja: damu yote hupimwa. Wakikuta kasoro wanakupigia simu, wanakuita faragha. Mara kumi na tisa, simu yangu haijawahi kulia.

Mnaona nilikofika. Alhamisi wanakuja. Nachangia kama kawaida yangu. Simu ikilia, nimejua. Isipolia, nimepona, na hakuna rafiki wa mke wangu atakayeniona kwenye mlango wa namba nne.

Nilijiona mjanja sana. Siku ile nililala usingizi wa mtu mzima, wa kwanza tangu utingo afungue mdomo wake.

Alhamisi ikafika, siku ya kumi na moja.

Sista alikuwa yule yule wa miaka yote, mama mnene wa miwani, mkali wa mdomo, mwepesi wa mkono. Kabla ya kulala kitandani kuna fomu ya maswali. Mgeni huitwa nyuma ya pazia, akaulizwa moja moja. Sisi wakongwe hatuulizwi. Utaratibu huo haujaandikwa popote, ni mazoea tu: Sista anachukua fomu ya Tangi, anachukua fomu ya mke wa Tangi, anashusha kalamu.

"Hapana, hapana, hapana," akawa anasema huku anatia alama. "Nyie wawili nikianza kuwauliza, mtanicheka."

Nikaisoma fomu yangu ikiwa kichwa chini miguu juu. Swali la saba: katika miezi mitatu iliyopita, umejamiiana na mtu asiye mwenzi wako? Kalamu ikapita. Hapana.

Nilifungua mdomo, naapa. Lakini nyuma yangu kuna foleni, na msimamizi wetu ameshika cheti chenye fremu kwa ajili ya mara yangu ya ishirini, na wenzangu wanapiga makofi, "Tangi, Tangi, Tangi." Nikaufunga.

Sista akaivuta fomu ya mke wangu. Hapana, hapana, hapana. Mke wangu naye alifungua mdomo, nakumbuka vizuri. Kisha akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Tukalala. Sindano zikaingia. Akanipa mkono wake kama ilivyo desturi yetu, nikaushika.

Kitanda cha tatu alilala mama mmoja mgeni, mshonaji aliyeajiriwa juzi tu. Fomu yake ilikuwa imechukua robo saa nyuma ya pazia, na alikuwa bado na kinyongo.

"Sista," akasema, "kama damu mnaipima, maswali ya aibu yote yale ya nini? Si mngepima tu, mkajua?"

Sista akacheka. "Mama yangu, kipimo si nabii. Mtu akiambukizwa VVU leo, wiki za mwanzo kipimo kinaweza kisione kitu. Kinaniambia damu safi, kumbe si safi. Hapo mashine haina la kunisaidia. Ananisaidia mchangiaji kwa mdomo wake. Akinidanganya kwenye fomu, anayeumia ni mgonjwa kule wodini, hata hajui kilichompata."

Mfuko wangu ulikuwa umefika nusu.

Pembeni ya kitanda kuna kimashine kinachoutikisa mfuko polepole ili damu isigande. Nilikitazama kinavyoubembeleza. Sauti ilikuwepo, ulimi ulikuwepo, Sista alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipolala. Ilikuwa niseme maneno matatu.

Mkono wa mke wangu ukalegea ndani ya mkono wangu, kisha ukaondoka.

"Leo sindano imeuma," akasema, macho kwenye dari.

Mimi nikafumba macho, nikaacha mfuko ujae. Halafu nikapewa soda, nikapewa cheti, nikapigwa picha nikiwa nacheka. Wasomaji, niliogopa. Msinitafutie sababu nyingine, maana hata mimi nimeitafuta sikuiona.

Nikajipa moyo. Damu haitumiki siku ile ile. Nitapata njia, nitapiga simu nikijifanya mtu mwingine, nitafanya nini sijui. Nilikuwa bado najidanganya hivyo wakati wa chakula cha mchana simu ilipolia. Nikatazama, kumbe ni dada yangu.

Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama alipotutoka nilikuwa na miaka sita na yeye kumi na saba. Akaacha shule ili mimi niende. Sasa ana uvimbe kwenye kizazi, anatokwa na damu huu mwaka wa pili, amebaki ngozi na macho. Naye pia ni O hasi, kundi limo kwenye ukoo wetu. Upasuaji wake umeahirishwa mara mbili kwa sababu daktari hagusi kisu mpaka mifuko miwili ya kundi lake iwe kwenye friji.

"Mdogo wangu," akasema, na nilisikia kabisa kwamba anatabasamu, "sista wa wodi kaniambia mifuko miwili ya O hasi imepatikana leo kutoka kiwandani. Nikacheka peke yangu. Nikajua tu, huyo ni wewe na wifi yangu."

Nikaisukuma sahani yangu pembeni.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimefurahi, dada."

"Keshokutwa Jumamosi saa tatu asubuhi naingia. Safari hii sirudishwi nyumbani. Nimewaambia wenzangu wa wodini, mdogo wangu hajawahi kuniangusha."

Mtaniuliza, hukujua kwamba dada yako anasubiri damu? Nilijua. Nilimsahau. Siku zote zile nilikuwa nafikiria damu yangu kama kitu cha kunipa mimi majibu. Haikunijia hata mara moja kwamba kuna mtu atawekewa.

Nyumbani jioni ile mke wangu hakugusa chakula. Watoto wanagombana, hawaambii kitu. Nikadhani ni uchovu wa kutoa damu.

"Ulisikia alichosema Sista kuhusu kipimo?" akaniuliza huku anakunja nguo ya mteja.

"Nilisikia nusu."

"Hata mimi."

Akaikunjua ile nguo, akaikunja upya.

Ijumaa asubuhi akaniaga mapema, akasema anampelekea mteja gauni lake. Nikaenda kazini. Kisu kile nimekishika miaka kumi na minne hakijawahi kunigusa. Siku hiyo kikanila kidole gumba. Tone moja likadondoka kwenye sponji nyeupe, sponji ikalinywa, likatanuka. Nikakikata kile kipande nikakitupa kwenye pipa. Nikageuka nikakuta tone la pili.

"Tangi unavuja," mmoja akasema, wakaangua kicheko.

Mimi nilikuwa namwona dada amelala kitandani, na mrija, na tone moja, na jingine. Nikafunga kidole kwa kitambaa. Nikamwendea msimamizi nikamwambia tumbo linanikata. Hakubisha, uso wangu ulimtosha.

Benki ya damu niliingilia mlango wa nyuma, ule wetu wachangiaji. Harufu ya spiriti, friji zinanguruma. Sista alikuwa mezani peke yake anajaza daftari, hata koti la kazi hajafunga vifungo.

"Tangi. Ndiyo naingia hivi. Umesahau nini hapa?"

Kwanza nikasema nimesahau kofia. Nikaanza kweli kuitafuta, nikachungulia chini ya viti. Sina kofia mimi. Nikanyanyuka.

"Sista, damu yangu isitumike."

"Umesemaje?"

"Ile ya jana. Isitumike."

Akavua miwani. Akanitazama kutoka utosini hadi unyayoni. Akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akarudi akakaa.

"Sema."

Nikasema. Yote ninayowasimulia ninyi, ila kwa haraka zaidi na kwa machozi. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alijitukana mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyetia alama," akasema. "Mkono wangu huu huu. Nakutazama usoni, nadhani nimeshaiona damu yako." Akavaa tena miwani. "Na wewe, ungekuja ndani ya siku tatu ungepewa dawa za kuzuia. Unameza siku ishirini na nane, unalala. Sasa hizo zimeshakupita."

"Sikujua kama zipo."

"Picha yako iko ukutani kwa ajili ya damu, na hujui." Akachukua glavu. "Huyo mama mwenyewe umemuuliza?"

"Nimemfungia simu."

"Kwa hiyo shahidi wako ni utingo na kijiti chake cha meno. Sikiliza. Labda huyo mama hana kitu. Labda anacho na anameza dawa zake vizuri, virusi vimefubaa hata havionekani kwenye kipimo, na mtu wa hivyo hamwambukizi mwenzake. Au labda ni hicho unachokiogopa. Hujui, na hukutaka kujua. Mfungulie simu umuulize kistaarabu. Naye ana haki ya kukuuliza wewe ulikotoka."

Sikuwahi kufikiria hilo. Siku kumi na mbili, mimi ndiye pekee niliyekuwa mgonjwa.

Akanichoma kidole cha pili, akadondosha damu kwenye kidude chake, akakiweka mezani kati yetu. Akanipa pamba nikandamize. Dakika kumi na tano. Mkono wangu mmoja kitambaa, mwingine pamba. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikafika mia na kumi, nikapotea, nikaanza upya.

"Mstari mmoja," Sista akasema.

"Mstari mmoja ni nini?"

"Hakijaona virusi."

Wasomaji, sikungoja aendelee. Nikapiga magoti pale pale, nikamshika mkono wake na glavu yake, nalia na kucheka kwa pamoja. Nilimwona dada yangu amepona. Niliona hata kile cheti kimenifaa.

"Inuka," akasema. "Inuka, baba, usinitie uchungu. Hiki kinanisimulia habari zako za zamani, za kabla ya safari. Habari za safari bado hazijakifikia. Utarudi baada ya wiki sita, halafu urudi miezi mitatu itakapotimia. Mpaka hapo, wewe na mkeo ni kinga, kila mara, bila..."

Akakatiza. Nikamwona anahesabu kitu kichwani.

"Tangi. Tangu urudi safari, umeshakutana na mkeo?"

"Mara mbili."

"Kabla ya jana."

"Kabla ya jana."

"Na jana alilala kitanda cha pili."

Amini usiamini, hilo halikuwa limenipitia kichwani. Nilikuja kuzuia mfuko mmoja. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu zote, dada atabaki na mfuko wa mke wangu, na wa pili utatafutwa.

"Basi na wa kwake siwezi kuutoa," Sista akasema.

"Sista, mifuko yenyewe ni hiyo miwili tu. Dada yangu anaingia kesho saa tatu. Ukizuia yote hana hata mmoja."

"Nitapiga simu benki nyingine zote kuanzia sasa hivi. Zikipatikana, vizuri. Zisipopatikana, ataahirishwa."

"Mara ya tatu. Anatokwa na damu kila siku, Sista."

"Najua anavyotokwa. Nitaongea na daktari wake mimi mwenyewe. Wewe usimwambie lolote kwenye simu, utamuua kwa mshtuko."

Akaenda kwenye friji. Ina rafu nne, na chini kabisa kuna sinia jekundu, hilo nalijua tangu zamani: mfuko ukiwekwa humo hautoki kwenda kwa mgonjwa. Akatoa mfuko wangu rafu ya juu. 0417. Akaulaza kwenye sinia bila kuangalia, akarudi juu kutafuta wa pili. Rafu ya kwanza. Ya pili. Akasogeza mifuko, akairudisha.

"Jana niliiweka pamoja," akanong'ona.

Rafu ya tatu. Ya nne. Akainama tena kwenye sinia. Kisha akasimama wima kwa ghafla, akauweka mwili wake wote kati yangu na friji.

Alichelewa, nilikuwa nimeshaona. Kulikuwa na mfuko mwingine kwenye sinia, umelazwa kabla ya wangu. 0418. Namba hiyo naijua kuliko ya simu yangu. Juu yake kimebandikwa kikaratasi, na mwandiko haukuwa wa Sista, ni wa mwenzake wa zamu ya asubuhi: umezuiwa kwa ombi la mchangiaji mwenyewe, Ijumaa, saa mbili asubuhi.

"Nani ameuzuia?" nikauliza, swali la kijinga kabisa, maana jibu lilikuwa limeandikwa.

"Habari za mtu mwingine usiniulize."

"Ni mke wangu, Sista."

"Hata kama. Zako nitazitunza, na za kwake nitazitunza. Nenda, baba. Niache nitafute damu ya dada yako."

Wazo la kwanza: utingo amemwambia. Amemweleza safari yangu, mke wangu amejihesabia mara mbili zile, amekimbia kumwokoa wifi yake kabla yangu mimi niliye ndugu wa damu. Nililikubali haraka. Ndilo nililostahili.

Halafu nikakumbuka maji. Alhamisi, kalamu ya Sista ikiwa kwenye swali la saba la fomu ya mke wangu, yeye akafungua mdomo, akaomba maji ya kunywa. Maneno ya Sista kuhusu kipimo yalikuwa bado hayajasemwa. Na aliposikia, mkono wake ndio ulioondoka kwanza, si wangu. Labda hata jibu lake la swali la saba halikuwa hapana.

Sikujua lipi baya zaidi kati ya hayo mawili.

Sista akanifungulia mlango wa mbele kwa kuwa ule wa nyuma wafanya usafi walikuwa wameshaumwagia maji. Nikatokea kwenye korido ndefu ya chumba cha ushauri na upimaji. Benchi moja, refu, tupu.

Si tupu. Mwisho kabisa alikaa mke wangu, mkoba magotini, gauni la mteja limekunjwa pembeni yake, halijapelekwa popote. Kidole gumba chake kilikuwa kimekandamiza pamba kwenye kidole cha kati.

Akaitazama pamba yangu. Nikaitazama yake.

Hakuna aliyemuuliza mwenzake amefuata nini pale. Akalichukua lile gauni, akaliweka juu ya mkoba, akaniachia nafasi ya kukaa. Nikakaa. Mkono haukunijia safari hii.

"Nani aanze?" akaniuliza, macho sakafuni. "Mimi, au wewe?"